Boriti Zitatoka Wapi?

Maneno haya niliyasema barazani Jumamosi iliyopita, chini ya mwembe wa shule, hapa kwetu kusini mwa Kwale. Wengi wenu mlikuwa baharini, wengine mko Diani na Mombasa kazini, na mmenitumia ujumbe niwaandikie yote. Haya basi, nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Chifu wetu, mwenyekiti wa kamati, wazee wangu, akina mama mlioacha mashamba na meko, vijana wangu mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha: ahsanteni kwa kuja.

Nimeitwa niseme juu ya nyumba. Upo mpango wa kukifanya kijiji chetu kiwe kijiji cha mfano, kijiji kinachotunza mazingira, chenye nyumba bora za wenyeji na vyumba vya kulaza wageni. Karatasi ya mpango huo nimeisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri, na walioiandika wana nia njema, sina shaka. Lakini mimi ni fundi. Nimejenga tangu Tiwi hadi Vanga kwa miaka arobaini na kitu, na fundi akionyeshwa picha ya nyumba huuliza swali moja kabla ya mengine yote. Boriti zitatoka wapi?

Nimeipekua karatasi ile tangu mwanzo hadi mwisho. Swali hilo halimo. Ndiyo maana nimesimama.

Kazi hii nilifunzwa na mjomba wangu, Mungu amrehemu. Nilianza mwaka 1982, mwaka ule ule serikali ilipopiga marufuku kupeleka boriti nje ya nchi. Kabla ya hapo majahazi yalikuwa yakishusha tanga na kupakia miti ya mikoko kutoka Lamu na kwingineko pwani hii, yakaipeleka Arabuni na Ghuba. Wazee mlio hapa mnayakumbuka. Mjomba alikuwa akingoja maji yapwe, tunaingia kwenye mikoko na shoka mbili na kamba ya makumbi, matope yanatufika magotini. Hakukata mti kabla ya kuupima kwa viganja. Kila unene una jina lake, na jina ndilo kazi yake: fito za kufumia ukuta na kuezekea, pau za paa, mazio, boriti za kubeba dari, nguzo za kusimamisha pembeni. Siku moja nilikata pau nene iliyobakisha miaka michache iwe boriti. Mjomba hakunipiga. Aliniketisha juu ya kile kisiki, akanambia nihesabu: mti huu ungebaki, ungekuwa na bei gani kwa korja? Mlio vijana pengine neno hilo hamlijui. Korja ni miti ishirini, na kwa korja ndivyo tulivyouza na kununua. Nikahesabu. Aliponiona nimeelewa, tukaendelea na kazi.

Kwa nini mkoko? Kwa sababu mchwa haupendi. Gome lake na mti wake vina ule ukali wa rangi nyekundu tuliokuwa tukitumia kutilia nyavu, na mchwa akionja huondoka. Tazameni nyumba za kale za mawe, za Lamu, za Mji wa Kale Mombasa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Mnadhani mabwana wale hawakupenda ukumbi mpana? Boriti ya mkoko ikivuka mita mbili na nusu, ikikaribia tatu, huanza kupinda kwa uzito wa dari la mawe na chokaa. Basi mti ndio uliomwambia tajiri chumba chake kiwe na upana gani. Tajiri akasikia.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Nilipoanza kazi, mjomba alinipeleka Gazi, kijiji cha pwani yetu hii ya Kwale, akanionyesha sehemu za ghuba zilizokuwa tupu. Matope meupe, visiki, na kaa wachache wanaokimbia jua. Nikamuuliza, nani amekata yote haya? Akasema, tanuri. Miaka ya 1970 mikoko ya pale ilifyekwa kwa ajili ya kuni za viwanda, kuchomea chokaa na matofali. Mmesikia? Chokaa na matofali. Yaani msitu ule ulikatwa ili watu wajenge. Nyumba za watu wa mbali zilisimama, na watu wa Gazi wakabaki bila boriti, bila kamba wa kutosha, na pwani imekaa uchi mbele ya mawimbi.

Basi mtu akiniambia tutajenga nyumba mia bora za kisasa, naangalia upande wa bahari kwanza. Boriti zitatoka wapi? Na kama si boriti, kuni za kuchomea tofali zitatoka wapi? Na mchanga utazolewa wapi? Nyumba zote za kijiji hiki, hata za mawe na simiti, zimetoka kwenye shimo fulani au msitu fulani. Kijiji kinachotunza mazingira ni kile kinacholijua shimo lake na kuujua msitu wake, kikajua pia vinaisha lini.

Tena si msitu wa mtu. Mikoko yote ya pwani ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, enzi za mkoloni. Babu zetu walilala wakiwa wenye mikoko wakaamka wakiwa waomba leseni. Tangu siku hiyo tukajifunza tabia mbaya, na naisema mbele yenu bila kuificha: kitu cha serikali tukakiona si cha mtu. Aliyeingia usiku na shoka hakuhisi anamwibia jirani. Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile iliyofuata ya 2016, ndizo zilizofungua mlango wanakijiji waunde vyama vyao na kusimamia msitu pamoja na idara ya misitu. Mlango ukafunguliwa. Swali ni nani aliingia.

Gazi waliingia. Nataka niwakalishe Gazi kidogo, maana watu wengi hapa wanasema "Gazi wanauza hewa" wakacheka wakaondoka, na hawajui kilichofanyika.

Kwanza walipanda. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, watafiti wa taasisi yetu ya bahari na uvuvi wenye kituo pale Gazi, akiwemo Dakta James Kairo, walishirikiana na wenyeji kuirudisha mikoko kwenye yale matope matupu. Nilipata kazi ya kuezeka pale miaka hiyo, na jioni moja niliwaona akina mama wakipanda. Mbegu ya mkoko, mnaijua, huota ikiwa bado mtini, inaning'inia ndefu kama mchi mwembamba wa kijani, kisha huanguka. Mama mmoja alikuwa amebeba rundo lake kwenye kanga kiunoni. Anainama, anaitumbukiza mbegu kwenye matope kwa kidole gumba mpaka theluthi yake izame, anapiga hatua, anainama tena. Nikamuuliza, mama, hii utaivuna lini? Akanijibu bila kuinuka: "Mimi sivuni. Nafunika." Sikumwelewa siku ile. Nilidhani anazungumza juu ya mbegu.

Pili, walikaa wakaelewana. Mwaka 2013 ukaanza mpango wa Mikoko Pamoja, wa Gazi na Makongeni, hekta 117 za mikoko. Ule ndio mpango wa kwanza ulimwenguni wa kijiji kupata pesa za kaboni kutokana na mikoko. Unavyofanya kazi ni hivi: mti unavuta hewa chafu, unaigeuza kuwa shina na mizizi na majani. Majani yanaanguka kwenye matope, na matope ya mikoko hayana hewa ndani yake, kwa hiyo hayaozi upesi. Yanakaa chini miaka na miaka. Ndiyo maana matope yale yana thamani kuliko hata miti iliyo juu yake. Watu wa nje wanaotaka kufidia moshi wao wananunua uzito huo, kama tani 3,000 kwa mwaka.

Pesa iliyoingia ilikuwa ngapi? Miaka ya kwanza ilikuwa karibu dola 12,000 kwa mwaka. Igawanyeni kwa watu wa vijiji viwili. Kila mtu atapata pesa ya sukari, ataila wiki moja, itakwisha, na mwaka unaofuata atauliza mbona mikoko haijaleta chochote. Wao hawakuigawa. Waliunda kamati yao ya watu wa vijiji vyote viwili, wakaitisha baraza kama hili, wakaulizana: shida yetu kubwa ni ipi? Wakasema maji. Wakavuta maji. Wakasema watoto. Wakanunua vitabu, wakatengeneza shule. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ukawapa Tuzo ya Ikweta, na baadaye wenzetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanza mpango wao wa mikoko kwa mfano huo huo.

Nawauliza, akina mama: kati ya nyumba mpya na bomba la maji karibu na mlango, mngechagua kipi?

(Hapa akina mama walijibu wote kwa pamoja. Mlioko mbali mnajua walijibu nini.)

Basi hilo nalo ni jambo la nyumba. Mwanamke anayetembea mara tatu kwa siku na ndoo kichwani hana saa ya kukandika ukuta uliopasuka, na nyumba isiyokandikwa mwaka mmoja, mwaka wa pili inaanza kulala upande. Maji hujenga nyumba kuliko simiti. Nimeona kwa macho yangu vijiji viwili vilivyo jirani, udongo mmoja, mafundi wale wale, na kile chenye bomba nyumba zake zimenyooka.

Tatu, na hili ndilo linalonihusu mimi fundi, Gazi walijua kwamba ukimkataza mtu mkoko bila kumpa mti mwingine, ataingia usiku. Kwa hiyo wakaweka kwenye mpango wao kupanda mvinje nchi kavu, mti wa haraka, ulionyooka, wa kujengea na wa kuni. Nikaona, naam, hawa wameuliza swali langu. Boriti zitatoka wapi? Wakaotesha jibu.

Mvinje si mkoko, msidanganyike. Mchwa anaupenda. Ukiuchimbia ardhini kama ulivyozoea kuchimbia nguzo ya mkandaa, aina ya mkoko, baada ya misimu michache unaushika unasagika kama ndizi kavu. Lazima tujenge kwa namna nyingine, na hapo nije kwenye ukuta.

Wengi wenu mnaona haya kukaa nyumba ya udongo. Kijana anatoka Saudia na pesa zake, jambo la kwanza abomoe nyumba ya udongo ya mamake. Mimi sikatazi mtu kujenga kwa mawe. Ila nataka muujue ukuta wa udongo unakufaje, maana wengi wanausingizia mvua.

Mwishoni mwa mwaka 1997 ilipokuja ile mvua ya El Nino, jirani yangu alikuwa na nyumba ya fito na udongo, imekandikwa vizuri, paa la makuti jipya. Mvua ilipiga siku na siku. Paa halikuvuja hata tone. Usiku mmoja tukasikia kishindo, tukatoka na taa, ukuta wa nyuma umelala chini, na watoto wako upande wa pili, Alhamdulillahi. Asubuhi nikachunguza. Ukuta juu ulikuwa mkavu! Ulikuwa umelika chini, shubiri moja kutoka ardhini, pale matone ya upenu yanapopiga chini na kurukia ukutani. Yale matone madogo. Mwezi mzima yalikuwa yakiukata mguu wake, na fito za ndani zikaoza pale pale.

Ukuta wa udongo hauuawi na maji ya juu, unauawa na maji ya chini. Tangu mwaka ule sikujenga tena nyumba ya udongo inayokaa ardhini. Nainua msingi wa mawe hadi kwenye goti, upenu nautoa nje hatua nzima, na nguzo nazisimamisha juu ya jiwe, sizichimbii. Hivyo hata mvinje unadumu, kwa sababu mchwa akitaka kupanda inambidi ajenge njia yake juu ya jiwe, nawe unaiona unaifagia. Na msiukandike udongo kwa simiti. Udongo unanywa maji unavimba, ukikauka unanywea, simiti haivimbi wala hainywei. Itabanduka kama ngozi ya nyoka, na nyuma yake mchwa wamefanya mji. Udongo kwa udongo, juu yake chokaa. Basi.

Nina nyumba nilizozijenga hivyo baada ya El Nino, na watu wanaishi humo hadi leo. Hazijaomba hata mfuko mmoja wa simiti.

Nije kwenye paa. Hapa sitawapamba, maana karatasi ya mpango inasema nyumba zote ziwe za makuti "ili kulinda mandhari". Mandhari ya nani? Makuti ni mazuri, ni baridi, usiku unasikia upepo unapita. Lakini atakayeyabadilisha ni nani? Yanadumu miaka mitano, sita ukiwa umeezeka kwa karibu, kisha kazi yote inaanza upya. Mjane aliyebaki na watoto wanne hana mtu wa kumpandia juu. Yeye mabati ndiyo nafuu yake, na mabati yanamvunia mvua kwenye pipa, jambo ambalo makuti hayamfanyii. Mabati yana joto, kweli. Basi tumfundishe kuinua paa, aache matundu ya upepo juu, apande mti upande wa magharibi. Tusimwambie akae kwenye nyumba inayovuja ili mgeni apige picha.

Na wanaotaka makuti, wanunue kwa bei ya haki. Mmewahi kumtazama mama anayeshona makuti ya viungo? Mimi mke wangu alilea watoto wetu kwa kazi hiyo. Anakaa chini, mguu mmoja umenyooshwa, ufito umelala juu ya paja. Anachukua majani matatu ya mnazi kwa pamoja, anayakunja juu ya ufito, anayafunga kwa ukanda wa ukuti, anavuta kwa meno kwa sababu mkono wa kushoto umeshika, anasogeza, anashika mengine matatu. Vidole vyake vya kulia vina alama ya ule ukanda hadi leo. Hoteli zinanunua kazi hiyo kwa maelfu na kumlipa yeye kwa shilingi za kuhesabu. Kama kijiji hiki kitaezeka vyumba vya wageni kwa makuti, bei ya kuti ipangwe na washonaji, tena hapa barazani, mbele ya watu.

Jambo moja la paa linahusu uhai. Ule mwanya kati ya ukuta na paa ndimo anamopita mbu wa malaria. Jirani zetu wa Tanzania wamelifanyia kazi. Kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, Tanga, zilijengwa nyumba sita za majaribio, kuta zinapitisha upepo, wavu kila mahali, nyingine vyumba vya kulala viko juu. Mbu ndani wakapungua sana, na nyumba zikawa na baridi kuliko za kawaida. Baadaye huko Mtwara zikajengwa nyumba 110 kwa fikra hiyo. Hatuna uwezo wa ghorofa, lakini wavu kwenye ule mwanya kila mtu anaweza. Msizibe kwa udongo, mtakosa upepo na mtalala nje, na nje ndiko mbu aliko. Wekeni wavu.

Sasa niseme jambo linaloniuma.

Miaka iliyopita, katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi, walikuja watu na mpango kama huu. Sitawataja. Waliniajiri mimi na mafundi wengine watano. Ramani ilikuwa imekwisha kuchorwa, na tulipouliza swali tuliambiwa tujenge kama ilivyochorwa. Tukajenga nyumba kumi na mbili. Zilipendeza. Mlango wa mbele ulifunguka moja kwa moja hadi ndani, hakuna ukumbi, hakuna daka, mgeni akibisha hodi anamwona mama wa nyumba alivyo. Jiko liliwekwa ndani ya chumba cha kulia. Hapakuwa na baraza ya nje ya kukaa mzee jioni. Na choo, ndugu zangu, choo kilielekea kibla.

Nilisema. Nilimwendea msimamizi nikamwambia, bwana, hapa watu hawatakitumia. Akanambia michoro imepitishwa. Nikarudi kuchanganya simiti, kwa sababu nilihitaji mshahara. Hilo nalijutia hadi leo. Ilinipasa niwaambie wazee wa kijiji usiku ule ule.

Watu walihamia, kwa heshima, na sherehe ikafanywa. Baada ya mwaka nilipita pale. Vyoo vilikuwa vimejaa kuni. Akina mama wamejenga vibanda vya jiko nyuma, vya fito. Nyumba tatu zinafugiwa mbuzi. Nikasikia mmoja wa wale wageni akisema watu wa pwani hawataki maendeleo. Akina mama wale walitaka maendeleo! Walitaka mahali pa kupikia pasipojaa moshi, mahali pa kujisitiri, na choo ambacho mcha Mungu anaweza kukitumia. Hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo naiomba kamati, mbele ya chifu: kabla mchoro haujapitishwa, uletwe hapa. Si kwenye karatasi. Tuchukue kamba na vigingi, tuichore nyumba hapa chini kwenye mchanga, kwa ukubwa wake wenyewe, na akina mama waingie. Waseme jiko liwe wapi. Wasimame mlangoni watazame kinachoonekana. Mzee imamu atuonyeshe kibla. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na haigharimu shilingi.

Na ardhi? Nitasema kwa kifupi, kwa sababu tunaijua sote na inatuchoma sote. Nusu ya watu waliopo hapa wanakaa mahali walipozaliwa babu zao na bado wanaitwa maskwota. Mtu asiye na hati hajengi msingi wa mawe, na ana haki. Atajenga kitu anachoweza kukiacha. Mpango wowote wa nyumba bora usioanza na mpimaji wa ardhi utawafaidi wale tu waliokwisha kuwa na hati. Naomba kamati iweke jambo hilo liwe la kwanza kwenye orodha, na mchoro wa nyumba uje nyuma yake.

Nimesema mengi. Nirudi kwenye swali langu, kwa sababu safari hii sikuja na swali peke yake.

Nyuma ya madrasa kuna kipande cha wakfu kisicholimwa. Nimezungumza na wazee wa msikiti na wamekubali tukitumie kwa kitalu. Tuoteshe mvinje. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na sisimizi wanazibeba, kwa hiyo tutazianzisha kwenye karai lenye mchanga, lililoinuliwa, kisha tuzihamishie kwenye viriba. Kila kiriba kitiwe na konzi moja ya mchanga kutoka chini ya mvinje mkubwa, pale ufuoni, miche hushika upesi ikiupata mchanga ule. Vijana watachimba. Akina mama wamesema watamwagilia kwa zamu, na mimi nimesema, hapana, zamu za maji ziwe za wanaume mwezi wa kwanza, kina mama wamebeba ndoo vya kutosha. Masika ikianza tunapanda mpakani mwa mashamba, si mikokoni. Kwenye mikoko tutarudisha mbegu za mkoko peke yake, zile zilizoanguka, baada ya sala ya Ijumaa, maji yakiwa yamepwa.

Nyumba ya kwanza ya mfano isijengwe mpaka miche hiyo ifike kiunoni mwa mtoto. Najua mtasema ni kuchelewa. Nimeona nyumba kumi na mbili zilizojengwa haraka.

Katibu ana daftari pale mezani. Andikeni jina, na kando yake idadi ya viriba mtakavyotia udongo. Mimi nimeandika mia mbili.